Miguu Unayo, Kundi Ndilo Hulijui

Mpwa wangu amepata nafasi katika chuo kimoja cha jimbo la Indiana, Marekani, na swali lake la kwanza kwangu halikuhusu ada wala baridi. "Mjomba, wana timu ya baiskeli. Ninunue baiskeli gani?" Nikamwambia asinunue kitu kwanza, nitamwandikia. Nilipokaa kuandika nikaona maneno yenyewe yanawafaa wengi. Kila mwezi wa nane vijana wetu wanapanda ndege kwenda kusoma kule, na wamo kati yao waliokulia juu ya baiskeli kama nilivyokulia mimi Shinyanga, wenye mapaja ya kazi, wanaoamini kwamba mbio ni nani kamzidi nani nguvu. Nami niliamini hivyo. Tangu darasa la sita nilikuwa napeleka gunia la mkaa sokoni kwa baiskeli ya Phoenix ya baba. Watoto waliopelekwa shule kwa gari wangeniweza wapi?

Waliniweza. Siku ya kwanza ya mazoezi chuoni kule niliachwa kabla ya kilomita ya ishirini, na wa mwisho kuniacha alikuwa msichana mwembamba wa mwaka wa pili ambaye nusu saa kabla nilikuwa nimempita kwenye kilima huku nikipiga mluzi. Kwenye kilima kila mtu alipanda kivyake. Kwenye tambarare yeye alikaa mgongoni mwa wenzake, mimi nikakaa pembeni nikipambana na upepo wa mashamba ya mahindi peke yangu, kwa sababu nyumbani kumfuata mtu kwa karibu namna ile ni utovu wa adabu, au ni dalili kwamba unataka kumkwapulia mzigo.

Kwanza ujue unajiunga na nini. Usifikirie timu ya mpira yenye kocha, basi na jezi za bure. Baiskeli si mchezo wa NCAA, chombo kinachosimamia mpira wa kikapu na riadha vyuoni. Mbio za vyuo ziko chini ya USA Cycling, shirikisho la taifa. Vipo vyuo vichache vinavyotoa ufadhili kwa waendesha baiskeli, kama Marian cha Indianapolis na Fort Lewis cha Durango, Colorado, na huko kuna makocha na magari yenye nembo. Kwingine timu ni klabu ya wanafunzi wenyewe. Kapteni ni kijana wa mwaka wa tatu, mweka hazina ndiye dereva, na fundi ni yeyote mwenye spana.

Msimu wa barabarani ni wa majira ya kuchipua, kuanzia karibu na Machi hadi Mei mwanzoni. Wikiendi hii chuo fulani kinaandaa mbio, wikiendi ijayo kingine. Ijumaa jioni mnajazana kwenye gari, mnasafiri mwendo wa saa nne au tano, mnalala sakafuni kwa wanafunzi wenyeji. Mbio ni Jumamosi na Jumapili. Mara nyingi huwa ni za aina tatu: za timu dhidi ya saa, ambapo mnakimbia pamoja watu watatu au wanne wa timu moja, za barabara ndefu, na za mizunguko, ambazo hupigwa kwenye mitaa iliyofungwa, duara la kilomita moja au mbili mkilirudia mpaka kichwa kizunguke. Madaraja yanaanzia A juu kabisa yakishuka hadi C au D. Anza chini, hata kama unajiona simba. Ukifanya vizuri utapandishwa haraka, na hakuna aibu kama kuingia daraja la B ukatemwa kwenye mzunguko wa pili mbele ya wenyeji wako waliokupa godoro.

Wasichana, hili liwafikie. Mbio za wanawake vyuoni huwa na watu wachache, na pointi za wanawake zinaingia kwenye hesabu ya timu pamoja na za wanaume. Msichana anayefika kila wikiendi na kumaliza mbio zake anaweza kuiletea timu zaidi ya mvulana hodari anayemaliza wa ishirini. Kapteni mwenye akili anajua hivyo, kwa hiyo usiingie kwa unyonge wa kuomba nafasi.

Sasa baiskeli. Subiri. Klabu nyingi zina baiskeli moja mbili za kuazima, na wanaohitimu mwezi wa Mei huuza za kwao kwa sababu hawataki kuhama nazo. Tafuta fremu ya alumini inayokutosha urefu. Shirikisho la dunia, UCI, limeweka kilo 6.8 kuwa uzito wa chini kabisa wa baiskeli ya mashindano, na utakutana na watu wanaozungumzia gramu kana kwamba ni dhahabu. Yangu ilikuwa na kilo tisa na ushee. Haikuwahi kunishindisha wala kunikosesha mbio. Mambo mengine yalifanya hivyo. Fedha yako iweke kwenye helmeti mpya, tairi nzuri, na kaptura yenye pedi. Kiti kipime hivi: kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa. Wengi wetu tunakaa chini mno kwa mazoea ya kutaka miguu ifike ardhini, halafu tunalalamika magoti.

Mambo mawili yatakuangusha wiki ya kwanza, yajue mapema. Breki kwanza. Kule baiskeli nyingi zina breki ya mbele kwenye mkono wa kushoto. Yangu ya nyumbani ilikuwa kinyume, na siku nilipokaba kwa haraka mkono niliodhani ni wa nyuma nilijikuta nikiutazama usukani kutoka upande wake wa mbele. Kabla ya kupanda baiskeli yoyote, isukume ukitembea, bana breki moja moja, ujue ipi ni ipi. La pili ni viatu vinavyonasa kwenye pedali. Kuchomoa unazungusha kisigino kwenda nje; kuvuta mguu juu hakukusaidii kitu. Fanya zoezi hilo kwenye nyasi mara hamsini. Utaanguka tu mara moja kwenye taa nyekundu, polepole kama mti uliokatwa, mbele ya basi la wanafunzi. Kila mtu kaanguka hivyo.

Nirudi kwenye kundi, maana hapo ndipo penye kazi.

Kwenye tambarare, ukishavuka kilomita 30 kwa saa hivi, sehemu kubwa ya nguvu zako inaliwa na hewa. Deni lake nalo halipandi sawa na mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu za kuishinda hewa zinapanda mara nane. Ndiyo maana yule bingwa wa kijiji anayeweza kwenda kilomita 35 kwa saa peke yake hawezi kwenda 45 hata akipiga dua, ilhali kundi la vijana wa kawaida, wakipokezana mbele, wanakwenda 42 wakizungumzia mtihani. Anayekaa karibu mgongoni mwa mwenzake anaokoa robo hadi thuluthi ya nguvu zake, na aliye katikati ya kundi kubwa zaidi ya hapo. Waliokwenda Kigali mwezi wa tisa 2025 kutazama mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, waliliona hilo kwa macho: watu wenye miguu bora kuliko yote duniani, na bado walijificha nyuma ya migongo ya wenzao kwa muda mrefu kadiri walivyoweza, mpaka vilima vikawachambua.

Namna ya kujifunza ni kuwa na mwenzako mmoja, barabara tulivu, na subira. Anza urefu wa baiskeli moja nyuma yake. Ukizoea, punguza hadi mita moja, kisha nusu. Usilikodolee macho gurudumu lake. Litazame kwa pembe ya jicho, na macho yenyewe yapite bega lake yaone barabara. Akipunguza mwendo, usikabe breki kwa pupa. Acha kukanyaga, inuka kidogo kifua kipate upepo, utapungua taratibu na wa nyuma yako hatashtuka. Breki ndani ya kundi ni kama kukohoa msikitini: inaruhusiwa, lakini kila mtu atageuka.

Zamu yako ya kuongoza ikifika, kosa la watu wa kwetu ni lile lile. Tunaona sasa tuko mbele, tunatazamwa, tunaongeza mwendo. Wa nyuma wanaachana, anayekupokea anakuja kachoka, mnyororo wote unakatika, na wewe unadhani umeonyesha uanaume. Shika mwendo uleule ulioukuta. Vuta nusu dakika, dakika moja, tazama nyuma, punga kiwiko, jitoe upande mliokubaliana, legeza kidogo, uteremke mpaka mkiani. Ukiona umechoka, vuta sekunde tano tu ujitoe. Hakuna atakayekulaumu kwa zamu fupi. Watakulaumu kwa kuvuta hadi ukakatika na kuacha mwanya.

Upepo wa ubavuni ndio chuo kikuu chenyewe. Majimbo ya katikati ya Marekani ni tambarare, na mwezi wa Machi mahindi hayajapandwa, hakuna cha kuuzuia. Upepo ukitoka kushoto, kivuli chake hakiko nyuma ya mwenzako tena. Kiko nyuma kidogo na kulia kwake. Kwa hiyo kundi linajipanga mshazari, wa kwanza karibu na mstari wa katikati ya barabara, wengine wakishuka kulia mpaka ukingoni. Na upana wa barabara una mwisho. Kwenye mbio za barabara ndefu, barabara nyingi hazifungwi zote, na ukiuvuka huo mstari wa njano wa katikati unaweza kufutwa. Upana ule utatosha watu saba, labda wanane. Wa tisa na waliobaki wananing'inia ukingoni mmoja mmoja, kila mmoja anapigwa upepo mzima, na hao wanakwisha ndani ya dakika kumi. Niliwahi kuning'inia hivyo nikiomba Mungu mwanya ufunguke. Haufunguki. Dawa ni kuachia mshazari wa kwanza, kugeuka, kuwaita walio nyuma yako na kuanzisha mshazari wa pili. Inakuuma kuwaacha wale wa mbele waende, lakini mkiwa sita mtawafikia upepo ukibadilika. Peke yako hutawafikia kamwe.

Sasa nikuambie kwa nini nasisitiza. Mwezi wa pili wa mbio zangu, nikiwa nimeanza kujiona nimehitimu, nililiacha gurudumu langu la mbele lilale ubavuni mwa gurudumu la nyuma la aliyenitangulia. Si nyuma yake. Pembeni yake, likiwa limepita kwa urefu wa kiganja. Akakwepa shimo. Tairi lake likagusa langu. Katika mguso wa namna hiyo, wa mbele mara nyingi haanguki, anasikia tu mkwaruzo. Anayeanguka ni wa nyuma, kwa sababu usukani wake ndio umenyang'anywa. Nilianguka, na watatu wakaniangukia. Mmoja alivunjika mtulinga na msimu wake ukaishia hapo, mwezi wa nne, mwaka wake wa mwisho chuoni. Kosa lilikuwa langu na kila mtu alilijua. Ndani ya gari hakuna aliyelitaja, na ukimya ule ulinikaa kuliko michubuko. Basi gurudumu lako lisipishane na la mbele, hata mkitembea kwenda kunywa chai.

Mbio za mizunguko zina ufundi wake. Breki bana kabla ya kona, si ndani yake. Mguu wa upande wa nje uwe chini na uzito wote juu yake, pedali ya ndani iwe juu, la sivyo itachota lami. Shika njia uliyoingia nayo mpaka utoke. Hujui nani yuko begani kwako. Na jitahidi kukaa katika theluthi ya mbele. Wa mbele anapita kona karibu bila kubana breki. Wa mwisho anabana, anakaribia kusimama, kisha anatimka kufidia, kona nne kila mzunguko, mizunguko ishirini na tano. Hizo ni mbio mia moja za kutimka ambazo mwenzako wa mbele hakuzikimbia. Ukipata pancha au ukianguka, mara nyingi utapewa mzunguko mmoja wa msamaha kabla ya mizunguko ya mwisho: nenda kituo cha magurudumu, usikae kulia barabarani.

Habari ya pancha inanikumbusha kitu. Wale vijana wakitoboka tyubu wanaitupa na kuweka mpya. Mimi nilizikusanya. Jumamosi usiku nikakaa kwenye sakafu ya wenyeji na beseni la maji, msasa na solusheni, nikabandika viraka kumi na moja kama fundi wa chini ya mwembe. Walinizunguka kutazama kana kwamba ninafanya mazingaombwe. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na jina, na mtu mwenye jina hupewa kiti cha mbele kwenye gari. Kipaji chochote ulichotoka nacho nyumbani, cha kupika, kusuka nywele, kurekebisha cheni, kitoe mapema.

Kuhusu baridi sina maneno mengi. Funika magoti, vidole na masikio. Ukivaa ukajisikia vizuri kabla ya kuondoka, umevaa sana. Dakika kumi za kwanza lazima utetemeke kidogo. Asubuhi kula muda wa saa tatu kabla ya mbio, na mbio zikizidi saa moja, weka mdomoni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja nzuri ina kama 25. Tende zinafanya kazi ileile kwa bei ndogo na hazihitaji tangazo.

Kwa Waislamu, Ramadhani nayo ina hesabu yake. Inarudi nyuma kwa siku kama kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2023 iliangukia Machi 23 hivi, 2025 Machi 1 hivi, kwa hiyo miaka ya karibuni imekuwa ikiuvamia mwanzo wa msimu, na sasa inasogea kwenye miezi ya baridi, ya kukanyagia ndani. Mwenzangu mmoja kutoka Tanga alifanya hivi: mazoezi mepesi saa moja kabla ya kufuturu ili maji yasiwe mbali, mazoezi magumu baada ya futari, na mbio ndefu za mwezi huo aliziacha. Alimwambia kapteni mwezi mmoja kabla. Kapteni hakujua Ramadhani ni nini, lakini alijua kupanga timu, na hilo lilitosha.

Soma bima yako ya afya kabla ya mbio ya kwanza, ile karatasi ndefu yenye maandishi madogo, uangalie inasemaje kuhusu majeraha ya mashindano. Huko safari moja ya gari la wagonjwa inaweza kukugharimu kuliko baiskeli yako. Masomo nayo: viza ya F-1 inakutaka uwe na mzigo kamili wa masomo, na mchezo huu unakula wikiendi nzima. Niliwahi kuona kijana mzuri akifukuzia pointi mpaka akaanza kuacha vipindi. Panga msimu kwa kalenda ya mitihani, chagua wikiendi nne au tano, zingine baki maktaba. Unayemwona hodari kuliko wote kwenye timu labda yuko mwaka wa tano na bado hajahitimu.

Ukiwa Indiana, tenga siku mbili. Moja uende Indianapolis kwenye uwanja wa mbio wenye jina la Major Taylor, mweusi aliyezaliwa jimboni humo mwaka 1878 na kuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi mwaka 1899, wakati ambapo wengi hawakutaka hata kumruhusu apange mstari. Nyingine iwe Bloomington mwezi wa nne, kwenye Little 500, mbio zilizoanza mwaka 1951. Timu 33 za watu wanne wanne, wakipokezana baiskeli kwenye njia ya mviringo, wanaume mizunguko 200, wanawake, walioanza mbio zao mwaka 1988, mizunguko 100. Baiskeli zote ni za aina moja, gia moja, na breki unakanyaga pedali kwenda nyuma. Hizo si mbio za wikiendi nilizozieleza. Ni za wanafunzi wa chuo cha Bloomington tu. Lakini utakapoona mtu anaruka chini mwenzake akidandia baiskeli hiyohiyo ikiwa bado inatembea, utakumbuka tulivyokuwa tukidandia keria.

Ukianguka, na utaanguka, osha mchubuko kwa maji na sabuni siku hiyohiyo hata kama machozi yanakutoka, maana changarawe iliyobaki chini ya ngozi haina huruma. Helmeti iliyopiga chini ibadilishe, hata kama haina ufa. Kichwa kikigonga, usirudi kwenye baiskeli siku hiyo kwa maneno ya mtu yeyote, pamoja na ya kwako mwenyewe. Waambie wenzako wakuangalie usiku, na ukianza kutapika au kusahau mambo uende hospitali bila kungoja asubuhi.

Kisha mpigie mama yako. Mpigie wewe, kwa sauti yako, kabla mwenzako hajaweka picha mtandaoni na shangazi hajairusha kwenye kundi la familia. Mimi nilichelewa dakika arobaini, na nilipompata alikuwa tayari amekwishaulizia bei ya tiketi.